Aliyevua sare ya majini akashika ofisi Zanzibar

Isaka ina bandari lakini haina bahari. Makontena yanayoshushwa Dar es Salaam hufika hapa kwa reli na malori, kisha huendelea na safari kwenda Rwanda, Burundi na kwingineko. Katika mji wa namna hii, ukimuuliza mtoto anataka kuwa nani, majibu yanajulikana: dereva wa lori, wakala wa forodha, mchimba dhahabu, au mwanajeshi.

Jibu la mwisho huwafurahisha wazazi wengi. Mshahara una uhakika na sare inaheshimika. Tena nchini mwetu si ajabu kumwona ofisa wa jeshi akiteuliwa kuwa mkuu wa wilaya au mkoa. Lakini ni wazazi wachache wanaouliza swali linalofuata: siku sare ikivuliwa na mwanao akakalishwa ofisini, atakuwa anamtumikia nani?

Yupo mtu katika historia ya pwani yetu ambaye maisha yake yanalijibu swali hilo, kwa mazuri na kwa mabaya. Aliitwa Lloyd William Mathews, Mwingereza aliyekuja Zanzibar akiwa ofisa wa jeshi la majini na kufia huko akiwa Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Sultani.

Mathews alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Madeira. Mwaka 1863, akiwa na miaka 13, alianza mafunzo ya uofisa katika jeshi la majini la Uingereza. Kwa umri huo, mtoto wa leo yuko darasa la saba au ndiyo kwanza ameanza kidato cha kwanza. Baadaye alipigana katika vita vya Ashanti, Ghana ya sasa, na mwaka 1874 akawa luteni.

Mwaka 1875 alipangiwa meli ya HMS London, iliyotia nanga Zanzibar kama kituo cha kupambana na biashara ya watumwa. Sultani Barghash alikuwa amesaini mkataba wa kuipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1873, lakini magendo yaliendelea usiku. Kazi ya vijana kama Mathews ilikuwa kuyafukuza majahazi kwa mashua ndogo, kuyapekua na kuwatoa watu waliofichwa ndani. Wengi wa watu hao walikuwa wametolewa bara, wakiwamo watoto.

Miaka miwili baadaye Barghash alitaka jeshi la mtindo wa Ulaya, na Mathews, akiwa na miaka 27, akapewa kazi ya kuliunda. Kazi ilimkolea. Mwaka 1881 aliachana kabisa na jeshi la majini la kwao, akabaki kwa Sultani na cheo cha Brigedia Jenerali. Mwishoni mwa mwaka huohuo, nahodha wa HMS London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulikagua jahazi la watumwa. Mathews ndiye aliyetumwa kumkamata mhusika, na akamkamata.

Habari zake ziligusa hata huku kwetu. Mwaka 1880, Mtemi Mirambo alipokuwa ameitikisa njia ya misafara ya kwenda Unyanyembe, Sultani alimtuma Mathews bara na askari. Kituo chao kikawa Mamboya, katika Mkoa wa Morogoro wa sasa.

Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka uliofuata Mathews akawa Waziri wa Kwanza, msimamizi wa shughuli za kila siku za Serikali. Hapo ndipo maisha yake yanapokuwa magumu kuyahukumu. Kwa jina alikuwa mtumishi wa Sultani, lakini Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa kwa hiari yake mwenyewe. Nyuma ya kiti chake walisimama Waingereza.

Agosti 1896 jambo hilo likaonekana mchana kweupe. Sultani Hamad alifariki, na Khalid, mtoto wa yuleyule Barghash aliyempa Mathews kazi, akaingia ikulu bila ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 meli za Uingereza ziliipiga mizinga ikulu. Vita haikumaliza hata saa moja, lakini watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Mathews alikuwa upande wa wenye meli.

Kisha kuna suala la watumwa. Aprili 1897 ilitolewa amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mtu angetarajia kijana aliyefukuza majahazi aikimbize kazi hiyo. Haikuwa hivyo. Uhuru haukutolewa kwa wote kwa siku moja. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba, na bwana wake alilipwa fidia. Wanawake waliowekwa masuria hawakuguswa. Serikali ilihofia mashamba ya karafuu na mapato yake, na wapinga utumwa waliilaumu kwa kwenda mwendo wa kobe.

Mtu ni yuleyule. Baharini aliona minyororo kwa macho yake. Ofisini aliona hesabu za karafuu. Ofisi ina tabia ya kumsogeza mtu mbali na wale aliowahi kuwaokoa kwa mikono yake, na hilo halikuisha na enzi za masultani.

Mathews alifariki Zanzibar tarehe 11 Oktoba 1901, akiwa na miaka 51. Hakuuawa na risasi. Aliuawa na malaria, miaka minne tu baada ya daktari Ronald Ross, akiwa India, kuviona vimelea vya ugonjwa huo ndani ya mbu.

Ugonjwa huo bado uko nasi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano Shinyanga ni asilimia 16, mara mbili ya wastani wa nchi wa asilimia 8. Waziri wa mwaka 1901 hakuwa na alichonacho mzazi wa Isaka leo: chandarua chenye dawa kinachotolewa kliniki kwa mjamzito na kwa mtoto anapopata chanjo ya surua, kipimo cha haraka na dawa ya mseto. Mtoto akichemka, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Na mwanao akikwambia anataka sare, usimkatishe tamaa. Mathews alijifunza kazi mpya mara mbili ugenini, na hilo ni la kuigwa. Ila mfundishe mapema, kwa mambo madogo ya nyumbani, kwamba anayepewa madaraka hujibu kwa walio chini yake pia. Kaka mkubwa anayegawa chakula na awaulize wadogo zake kama wameshiba, kabla hajamwambia mama kuwa kazi imekwisha.