Usiku wa Viatu vya Kuazima

Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka 1982, majira ambayo huku kwetu Ipelele jalidi hulala juu ya majani ikang'aa hata jua lipande, na mwalimu hana budi kuwaacha watoto wakimbie kuuzunguka uwanja wa shule mara mbili tatu ndipo vidole vyao viweze kushika kalamu, nilipopokea barua ya kunialika katika tafrija ya waandishi mjini Dar es Salaam. Barua yenyewe ilikuwa imekaa njiani siku nyingi, ikapita Iringa, ambao ndio uliokuwa mkoa wetu kabla Mkoa wa Njombe haujazaliwa mwaka 2012, ikafika Njombe, kisha ikavushwa milima ya Kipengere katika mfuko wa koti la dereva wa lori la viazi. Nami nilipoifungua nilikuwa nimebakiwa na siku tano tu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye kitabu kimoja kilichopigwa chapa miaka miwili nyuma, kurasa tisini na sita, chenye habari za jamaa moja ya huku milimani katika mwaka wa njaa. Na hadithi fupi chache nilizozipeleka katika gazeti la Mzalendo, baadhi zikatoka na baadhi zikapotea. Nami sitaficha kwamba kilichonipandisha garini haikuwa karamu wala fahari ya kualikwa, bali sentensi moja.

Kitabu kile nilikiandika kwa mkono, kwa kalamu ya risasi, katika madaftari ya shule, chumbani ambamo mke wangu alihifadhi maua ya pareto yaliyokwisha kaushwa yakingoja siku ya kupimwa. Nilikaa juu ya gunia moja na kuegemea jingine, koroboi ikiwa juu ya kigoda, na nilipokuwa nikitoka humo usiku nguo zangu zilinuka pareto, ile harufu kali ya ukavu ambayo mgeni humkereketa kooni na mwenyeji haisikii tena. Katika sura ya nne nilifika mahali ambapo mama hana cha kutia chunguni. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu nikiwa mdogo, na nilijua kwamba watoto katika saa kama ile hawalii, hukaa. Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta, hata usiku wa tatu nikapata sentensi niliyoiamini: "Watoto wakakaa wakatazama makaa yakififia, wakalala na njaa." Kitabu kilipotoka na kunifikia, niliharakia ukurasa ule kabla ya mwingine wowote, na humo nikakuta imeandikwa: "Moto ukafifia. Watoto wakalala njaa."

Mtu asiyeandika aweza kusema kwamba maana haikupotea. Lakini mimi nilihisi kama mzazi aliyempeleka mwanawe mjini akarudishiwa mwingine wa kufanana naye. Kukaa kwao, ambako ndiko kulikonigharimu usiku tatu, kulikuwa kumeondolewa, na makaa yao pia. Nikamdhania mhariri, nikamkasirikia kwa miaka miwili bila ya kumwandikia neno, nikajiapiza kwamba siku nitakayoonana naye uso kwa uso nitamwuliza kwa staha, lakini nitamwuliza.

Basi nikashuka na lori hadi Njombe, nikalala, nikafika Makambako adhuhuri, nikakaa stesheni ya TAZARA hadi gari likaja. Reli ile ilikuwa na umri mdogo wakati huo, maana treni za abiria zilianza kupita mwaka 1975, na kwa mtu wa milimani safari ya kutoka Makambako kuteremka Mlimba ilikuwa ni ajabu isiyozoeleka: gari lilizama katika handaki, likatokea juu ya daraja, likazama tena, na kila lilipotokea nilivua kitu kimoja mwilini, kwanza blanketi, kisha koti, kisha sweta, hata tulipofika bondeni nikawa na shati peke yake na jasho likinitiririka.

Baba mdogo wangu alikuwa mfanyabiashara wa viazi katika soko la Kariakoo, kule shimoni, chini ya mapaa yale ya saruji aliyoyasanifu Beda Amuli, yaliyofunguliwa mwaka 1975. Alinipokea kwa furaha kuu, akanipa maji ya kuoga na chakula, kisha akaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa makatambuga ya tairi, na magaga ya visigino vyangu yalikuwa yamejaa udongo mwekundu wa Njombe ambao hautoki kwa sabuni ya siku moja.

"Mwanangu," akasema, "huko utakwenda hivyo?"

"Baba, sina vingine."

Hakunilaumu, maana miaka ile ya baada ya vita vya Kagera viatu vilikuwa adimu hata kwa mwenye fedha. Akainama chini ya kitanda, akatoa kisanduku, na ndani yake, vimefungwa katika kitambaa cha fulana kuukuu, vilikuwamo viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba, alivyovinunua kwa harusi yake na kuvivaa Krismasi na Pasaka tu. Vilikuwa namba 7. Mguu wangu ni namba 9, tena ni mguu uliokulia peku katika miteremko, mpana mbele kama jembe. Lakini alivipangusa kwa mkono wa shati lake, akapiga magoti mwenyewe kunifungia kamba, mtu mzima wa umri wa baba yangu. Ningewezaje kumwambia kwamba havinitoshi? Nikasema ahsante baba, nikasimama, nikaenda.

Kutoka Kariakoo hadi ukumbi wa tafrija, kule Upanga, si mbali kwa mtu ambaye kwao huvuka milima miwili kwenda gulioni. Petroli ilikuwa haba na mabasi yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo nikatembea. Nilipofika Mnazi Mmoja kidole gumba cha kulia kilikuwa kimekufa ganzi. Nilipoingia Upanga nilikuwa nikikanyaga kwa ubavu wa nje wa nyayo, na kila hatua nilisikia ngozi ya kisigino ikisuguliwa, ikajaa maji, ikapasuka, soksi ikanata.

Ukumbini mlikuwa na taa nyingi na watu wengi, wamesimama makundi makundi na bilauri mikononi, kwa kuwa tafrija ilikuwa ya kusimama, na viti vichache vilivyokuwamo vilikuwa vimesogezwa ukutani. Mazungumzo yalikuwa matamu. Nilisikia watu wakimtaja Shaaban Robert, ambaye ilikuwa imetimia miaka ishirini tangu kufariki kwake, na mmoja akieleza jinsi bwana yule alivyoandika vitabu vyake vya mwanzo huku akiwa karani wa serikali. Jambo hili nililijua kutoka katika Maisha Yangu, kitabu nilichokisoma chuoni hata majalada yakatengana, na ambacho ndicho kilichonifundisha kwamba mtu aliyeajiriwa aweza kuandika usiku na asiwe mwizi wa mchana wa mwajiri wake. Nikatamani kuingia katika mazungumzo yale. Nilikuwa na la kusema. Lakini maumivu ya mguu yana husuda: hayamwachii mtu fikira hata moja ya kumpa mwingine. Nilimwona mhariri wangu, nikamtambua kwa picha, upande wa pili wa ukumbi, hatua thelathini au arobaini hivi, amezungukwa na watu; nikazipima hatua zile kama msafiri anavyopima jangwa, nikajua siziwezi. Nikakiendea kiti cha karibu.

Kiti cha jirani kilikuwa na mzee wa umri wa miaka sitini na kitu, mwenye kanzu na kofia ya mkono, na makubadhi miguuni, ya ngozi laini iliyolegea kwa kuvaliwa, hata nikaona wivu kuyatazama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nyumbani. Nikasema Ipelele, huko juu, Makete. Akanigeukia kwa mwili mzima.

"Ndugu Mwalimu, wewe ndiye uliyeandika kwa kalamu ya risasi, katika madaftari yanayonuka dawa?"

Nikasema ndiye.

"Madaftari yako," akasema, "ndiyo pekee yaliyopita mikononi mwangu bila ya mende hata mmoja."

Alikuwa mpanga herufi. Alianza kazi hiyo tangu utoto wake, kwa mpiga chapa wa Kihindi, akifagia chini na kuokota herufi za risasi zilizoanguka, na alikuwa amekipanga kitabu changu chote, herufi moja moja, kwa mkono. Akafunua kiganja akanionyesha: ncha ya kidole gumba cha kushoto ilikuwa imekuwa bapa na nyeusi, isiyong'arika, kwa miaka arobaini na zaidi ya kuikandamiza kila herufi isianguke wakati anaifuata ya pili. Nami nikamweleza habari za pareto na koroboi, na kwa muda ule, jambo ambalo nalikumbuka dhahiri, nikaisahau miguu.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikupata kulisikia kwa mwalimu wala kulisoma popote. Sanduku la herufi, alisema, lina vijumba vingi, vikubwa na vidogo, na limepimwa kwa Kiingereza. Kijumba kipana kuliko vyote ni cha e, maana Kiingereza hula e kama vile sisi tunavyokula ugali. Herufi zenyewe huletwa kwa mizani kwa kipimo hicho hicho, e zimejaa, a ni za kiasi, na k ni chache, kwa kuwa Mwingereza k haimshughulishi sana.

"Sasa tazama Kiswahili," akasema, akihesabu vidoleni. "Wakakaa. Wakapakata. Akamkataza. Mtu anapanga nusu ukurasa, anatia mkono kijumbani, hakuna a. Hata moja."

Hapo mpangaji hana la kufanya ila kungoja kurasa za mbele zipigwe chapa, zifunguliwe, herufi zirudishwe vijumbani. Na katika mwaka ule wa kitabu changu karatasi zilikuwa hazijaja. Kurasa zimefungwa fremuni, zimekaa, na a zote zimo humo.

Akanyamaza kidogo. Akaitazama bilauri yake ya maji.

"Ukurasa wa sitini na mbili," akasema. "Watoto na makaa. Mwalimu, ule ulikuwa mkono wangu. Nilikuwa nimebakiwa na a kumi na mbili, na sentensi yako inataka ishirini na mbili. Nikaipanga kwa tisa. Nilikusudia kuirudisha siku kurasa zitakapofunguliwa. Mtambo ukapata umeme usiku, wakapiga chapa, na mimi nilikuwa nyumbani nimelala. Nimekudhulumu."

Nilizihesabu moyoni pale pale, neno kwa neno, na ilikuwa kama alivyosema: ishirini na mbili kwangu, tisa kwake. Kumi na tatu ndizo zilizonitia ghadhabu miaka miwili, na mhariri niliyemlaani usiku mwingi alikuwa hana habari nazo. Sikumjibu mzee mara moja, wala sitaki kujipamba kwa kusema kwamba nilimsamehe papo hapo. Nilirudia sentensi zote mbili kimoyomoyo, yangu na yake. Yangu ilikuwa ya kweli zaidi, maana watoto wale walikaa, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini ya kwake, nilipoitamka kwa sauti ndogo, iliniziba pumzi baada ya nukta ile, na yangu haikuwa imenifanyia hivyo hata mara moja.

"Ile nukta," nikamwuliza, "uliitia kwa nini?"

"Nukta zilikuwapo tele," akasema.

Tukakaa pamoja hata watu wakaanza kuagana. Mhariri alipita, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisifu mbele ya wenzake na kuniuliza habari za kitabu kinachofuata, nami nikamshukuru kwa adabu, nisimwulize neno. Mzee ndiye aliyeona jinsi nilivyoinuka. Akanikalisha tena, akanifungua kamba kwa ile mikono yake myepesi ya kazi, akatikisa kichwa alipoona soksi. Kisha akatoa katika mkoba wake bunda la karatasi zilizoharibika mtamboni, ambazo alikuwa akizichukua nyumbani kwa kuwashia moto, akaniagiza niziloweke maji, nizikamue, nizishindilie ndani ya viatu mpaka asubuhi, na ngozi itakubali. Nikamwambia viatu ni vya baba yangu mdogo. Akasema vizuri, basi vishindilie kidogo tu.

Nilirudi Kariakoo peku, viatu nimevining'iniza shingoni kwa kamba zake. Lami ilikuwa bado na joto la mchana. Kwetu miezi hiyo mtu akikanyaga chini usiku hukimbia. Nami nilikwenda polepole, nikisimama kila nilipotaka, nyayo zikipokea joto lile hadi magotini.

Asubuhi, baba mdogo akiwa amekwisha kwenda sokoni kupokea magunia, nilizichomoa zile karatasi. Kwa ndani viatu vilikuwa na bitana ya ngozi ya rangi ya maziwa, na wino mbichi ulikuwa umehamia humo, mistari mitatu katika kiatu cha kulia, herufi zote zimegeuka nyuma mbele, kama anavyozisoma mpangaji katika risasi. Nikaufungua mlango mwanga uingie, nikakiinamisha kiatu, nikaanza kusoma kutoka kulia. Maneno hayakunijia, ila a nilizitambua moja moja, na nilikuwa nimefika ya saba wakati mtoto wa baba mdogo aliponiita kwamba lori la kwenda stesheni limekwisha washwa.