Safari ya Beni na Joto la Kifua

Likizo ya Pasaka nilitoka Butembo kwenda Beni kumwona mdogo wangu, aliyejifungua mimba ikiwa ya miezi saba. Ni kama kilometa 54. Asubuhi Butembo nilivaa koti. Tulipopita Maboya na Kabasha tukaanza kuteremka, na kufika Beni nikalivua. Nikajiambia: huku mtoto hatasikia baridi. Kumbe mtoto wa gramu 1,550 hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hata Beni mchana anapoa.

Nilitafuta kuvezi kwa macho. Mama mzalishaji akanionyesha kifua cha mdogo wangu. Mtoto alikuwa wima katikati ya maziwa, amevaa nepi, kofia na soksi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande ili apumue vizuri, na kikwembe kimemkaza. Usiku mama analala nusu ameketi, ameegemea mito. Umeme ukikatika, kifua hakizimiki.

Njia hii ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey aliona kuvezi hazitoshi na watoto waliorundikwa humo wanaambukizana. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu mtoto anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Lakini mama lazima aoge, ale, alale. Shemeji alikataa: eti ni kazi ya wanawake. Nadhani pia aliogopa. Sisi wa huku, wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, tulizoea kutogusana, na kila kizuizi tulipimwa joto kwenye paji la uso. Mimi mwenyewe niliwakataza wanafunzi wangu kupeana mkono.

Nikamwambia shemeji nisilopenda kusimulia. Wa kwangu, miaka tisa iliyopita, tulimfunika mablanketi matatu, tukamwekea chupa za maji ya moto pembeni. Aliishi siku mbili. Hakuna aliyeniambia nimweke kifuani.

Alinyamaza, akavua shati.

Siku ya tano mizani ilionyesha gramu 1,640. Nilipoaga, shemeji aliniomba nikirudi nimletee shati la vifungo mbele. Ya kuvalia kichwani yanamsumbua mtoto.