Tarakimu ya Pambizoni

Arthur Holmes alizaliwa mwaka 1890 mjini Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, katika nyumba ya Wamethodisti. Katika Biblia ya wazazi wake, pembeni mwa aya ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, palichapwa mwaka wa kuumbwa kwa ulimwengu: 4004 kabla ya Kristo. Alipokuwa mtu mzima alikumbuka jinsi tarakimu ile ilivyomsumbua utotoni, wala si kwa sababu ilikuwa ndogo mno. Kilichomshangaza ni ile nne ya mwisho. Kwa nini isiwe 4000 kamili? Lilikuwa swali la mtoto, lakini lilikuwa swali zuri, maana tarakimu isiyokuwa kamili ni tarakimu ambayo mtu fulani, mahali fulani, aliketi akaihesabu.

Aliyeihesabu ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, katika kitabu kikubwa cha Kilatini kilichotoka mwaka 1650. Siku hizi ni desturi kumcheka, hasa kwa kuwa alitaja hata siku yenyewe: ulimwengu ulianza jioni iliyotangulia tarehe 23 Oktoba. Kicheko hicho si cha haki. Ussher alikuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa zama zake. Alijumlisha miaka ya mababa wanaotajwa katika Mwanzo, akaiunganisha na miaka ya wafalme wa Yuda, kisha akatafuta mahali ambapo habari za Biblia zinakutana na historia ya Babeli, yaani kifo cha Nebukadneza, ili apate mwaka wa kushikilia. Wala hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Wayahudi huhesabu kuanzia mwaka 3761 kabla ya Kristo. Kanisa la Ethiopia, likifuata mapokeo ya Agano la Kale la Kigiriki ambamo mababa wanapewa miaka mingi zaidi kabla ya kuzaa, huuweka uumbaji karibu miaka 5500 kabla ya Kristo. Tofauti ya zaidi ya miaka 1700 kati ya watu wanaosoma kitabu kimoja ingetosha kumwonya mtu kwamba kitabu hicho hakikuandikwa kiwe kalenda. Lakini mwaka 1701 hesabu ya Ussher iliingizwa pambizoni mwa Biblia ya Kiingereza, na jambo likikaa pambizoni miaka mia mbili, watu huanza kulisoma kama aya.

Biblia ya Kiswahili inayosomwa leo makanisani haina tarakimu hiyo. Hata hivyo tarakimu inaishi. Inaishi, kwa mfano, kichwani mwa baba mmoja wa Kitaita, mzee wa usharika wa Waswahili katika mji mmoja wa Uingereza, ambaye hajawahi kulisikia jina la Ussher lakini anajua kwa hakika kwamba dunia ina miaka elfu sita. Aliipokea kutoka kwa wahubiri, nao waliipokea kutoka kwa wamisionari au kutoka kwa vijitabu vya Marekani. Binti yake anasomea jiolojia chuo kikuu. Mwaka wa kwanza alikuwa akimsimulia baba yake kwa simu kila alichojifunza. Mwaka wa pili alianza kusimulia habari za chakula, baridi na nauli. Ugomvi haukuwapo. Palikuwa na ule ukimya wa heshima ambao kila familia iliyo ughaibuni inaufahamu, ambapo mtoto anamlinda mzazi asisikie, na mzazi anajilinda asiulize. Mzee aliogopa kwamba akiuliza ataambiwa kuwa mwanawe haamini tena. Binti aliogopa kwamba akisema ataambiwa achague.

Wengi kabla yao walijaribu kuikwepa njia panda hiyo, na majaribio yao yanastahili kutajwa, kwa sababu bado yanauzwa kama mapya. Thomas Chalmers, mhubiri mashuhuri wa Scotland mwanzoni mwa karne ya 19, alifundisha kwamba kati ya aya ya kwanza na ya pili ya Mwanzo pana pengo ambalo wanajiolojia wanaweza kulijaza kwa miaka yoyote waitakayo. Hugh Miller, fundi mawe wa Cromarty aliyepasua mawe mekundu ya mchanga akakuta ndani yake visukuku vya samaki, akawa pia mhariri wa gazeti la Wakristo wa kiinjili, aliona kila siku ya uumbaji kuwa enzi ndefu iliyoonyeshwa kwa nabii kama njozi. Philip Gosse, mwaka 1857, alikwenda mbali kuliko wote: Mungu aliumba miamba ikiwa tayari na sura ya uzee, na visukuku ndani yake. Rafiki yake Charles Kingsley, ambaye naye alikuwa kasisi, alikataa kuamini kwamba Mungu ameandika uongo mkubwa namna hiyo juu ya mawe. Alikuwa na haki. Kati ya njia zote hizo, ya Gosse pekee ndiyo isiyoweza kupingwa kwa ushahidi, na pekee ndiyo inayomvunjia Mungu heshima.

Njia ya Miller inavutia zaidi, na msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuielewa upesi. Neno siku kwa Kiswahili halina mipaka mikali. Kuna siku ya saa ishirini na nne, kuna siku hizi, kuna siku za mwisho. Kiebrania nacho kiko hivyo: mwanzoni mwa sura ya pili ya Mwanzo, kazi yote ya uumbaji, iliyochukua siku sita katika sura ya kwanza, inatajwa kuwa ilifanyika siku moja. Lakini njia hii hutuliza moyo jioni moja tu. Asubuhi mtu akifungua kitabu anakuta kwamba miti yenye matunda iliota siku ya tatu, na jua likawekwa siku ya nne. Kwamba ndege wametangulia wanyama wa nchi kavu, ilhali miamba inaonyesha kinyume. Kuzirefusha siku hakuubadilishi mpangilio wake.

Yafaa hapa kumkumbuka Johann Ludwig Krapf. Alipofika Mombasa mwaka 1844, mara alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa mji huo. Mwaka uleule alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Sura tatu za mwanzo zilichapwa Marekani mwaka 1847. Mzungu anayesoma sura ya kwanza hushangaa kwamba kila siku inatajiwa jioni kabla ya asubuhi. Kadhi wa Mombasa hakuwa na la kushangaa. Kwake, kama kwa watu wote wa pwani, siku huanza jua linapotua: usiku wa Ijumaa ndio ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, wala si ule unaoufuata. Lakini kwa sababu hiyohiyo msomaji wa pwani hujikwaa mapema kuliko mwingine. Ikiwa siku hupimwa kwa kutua kwa jua, jioni tatu za kwanza zilipimwa kwa nini?

Swali hilo si la kisasa, na waliolikabili kwanza hawakusukumwa na Darwin. Origen wa Alexandria, katika karne ya tatu, aliona ni ajabu kwa mtu mwenye akili kudhani kwamba siku tatu zilipita zikiwa na jioni na asubuhi bila jua. Agostino wa Hippo, katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandika mwanzoni mwa karne ya tano kitabu kizima juu ya maana ya Mwanzo. Humo alifundisha kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na kwamba zile siku sita si siku kama za kwetu. Aliwaonya pia Wakristo waache kusema upuuzi kuhusu mbingu na nyota mbele ya wasioamini wenye elimu, wasije wakakidharaulisha kitabu chenyewe. Ni kweli, Agostino huyohuyo aliamini kwamba miaka elfu sita haijatimia tangu mtu aumbwe, hakuwa mwanajiolojia. Lakini wote wawili walikuwa Waafrika wa Kanisa la kale, na walisoma kwa uhuru ambao wahubiri wengi wa leo wanauita usaliti.

Mtu aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili anaweza kuona jambo ambalo wafafanuzi wa Ulaya walilieleza kwa kurasa nyingi. Siku sita zile zina vina. Siku ya kwanza nuru inatengwa na giza. Siku ya nne inaleta mianga ya kutawala mchana na usiku. Siku ya pili anga na maji. Siku ya tano ndege na samaki. Siku ya tatu nchi kavu na majani yake. Siku ya sita wanyama na binadamu watakaokaa juu yake na kula humo. Siku tatu za kutandika nyumba, siku tatu za kuwaingiza wenyeji, na ukwapi unaitikia utao. Ndiyo maana jua liko siku ya nne: kina chake kiko siku ya kwanza. Tena halitajwi hata kwa jina. Linaitwa mwanga mkubwa, na mwezi mwanga mdogo, kwa watu waliozungukwa na mataifa yaliyosujudia vyote viwili. Sura hii inamwambia mwenye hofu kwamba kile jirani yake anachokiabudu ni taa iliyotundikwa. Mtu akiisoma ili kupata umri wa mawe, ni kama asomaye utenzi ili kujua bei ya karatasi ulioandikiwa.

Mzee wa Kitaita aliyasikia mengi ya hayo hatimaye, kutoka kwa binti yake, wakati wa likizo ya Pasaka, walipokuwa wakiosha vyombo. Hayakumsumbua kama ilivyodhaniwa. Lililomsumbua lilikuwa jingine, naye alilisema wazi.

“Miaka si kitu, mama. Mungu ana miaka. Lakini hao wanyama wenu wa mawe, walikufa?”

“Walikufa, Baba.”

“Kabla ya Adamu?”

“Muda mrefu kabla.”

“Basi kifo kilitoka wapi?”

Hapo ndipo penye jiwe zito, na wanaotaka kupatanisha kwa kurefusha siku hulipita kimya. Mtume Paulo anafundisha kwamba kifo kiliingia kwa dhambi, na juu ya hilo ameijenga habari ya Kristo. Miamba imejaa mifupa iliyotafunwa, na ya wanyama wenye ugonjwa, mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kutenda dhambi. Wako wanaojibu kwamba Paulo anasema habari za kifo cha binadamu tu, au kifo cha roho. Mwanzo wenyewe unawapa nguvu kidogo: Adamu anaonywa kwamba siku atakayokula tunda atakufa, naye akala, kisha akaishi hadi miaka 930. Ama neno siku, ama neno kufa, ama yote mawili, yamebeba humo zaidi ya maana ya kawaida. Bado, jibu hilo halimalizi deni. Mungu aliyeutazama ulimwengu wenye meno akauona ni mwema si yule ambaye mzee alifundishwa katika shule ya Jumapili, na binti yake hakujifanya kwamba ndiye. Alimwambia tu kwamba yeye bado anasali.

Holmes, yule mtoto wa Gateshead, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 akiwa na miaka 21, kutafuta madini. Hakupata madini ya maana. Alipata malaria, na mawe ya kubeba kurudi nayo London. Mwaka uleule ilichapwa kazi yake iliyopima jiwe la Norway kwa kiasi cha urani na risasi kilichomo: miaka milioni 370. Mwaka 1913 alitoa kitabu kuhusu umri wa Dunia, wakati wengi bado walishikilia hesabu ya Lord Kelvin ya makumi machache ya mamilioni. Alikuwa hai mwaka 1956 Clair Patterson alipotumia vimondo kuupata umri unaokubalika hadi leo, miaka bilioni 4.55. Na ndiye Holmes aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, mlolongo wa miamba iliyopikwa na kukandwa chini ya milima ya kale, unaotoka Msumbiji ukapanda kupitia Uluguru, Usambara na Upare hadi Taita na kuendelea kaskazini.

Binti alikutana na jina la nyumbani kwao kwenye ramani ya darasani. Alimpigia baba yake usiku huohuo. Alimweleza kuhusu zirkoni, vijifuwele vidogo kuliko punje ya chumvi, vilivyomo ndani ya mawe ya aina ile ambayo babu yake alijengea msingi wa nyumba: jinsi vinavyobeba urani, na urani inavyogeuka risasi kwa mwendo usiobadilika, nusu yake kwa muda wa karibu miaka bilioni 4.5.

“Na hiyo risasi,” mzee akauliza, “mnajuaje haikuwamo tangu mwanzo?”

Binti akacheka kwa furaha, maana ndilo swali ambalo mwalimu wake alilitumia wiki nzima. Akamweleza kwamba zirkoni inapoumbika huikubali urani na kuikataa risasi, kwa hiyo karibu risasi yote inayokutwa ndani imezaliwa humo humo. Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akataka kujua mawe ya Wundanyi yamepikwa lini. Kati ya miaka milioni 500 na 700 iliyopita, akaambiwa. Akamwomba airudie polepole, atafute karatasi.