Bibliografia Iliyonifundisha Kusoma

Nilipoanza shahada ya uzamili katika historia, niliijua bibliografia kama mkia wa tasnifu: majina, miaka na wachapishaji, basi. Mambo yalibadilika tulipotakiwa kuandaa bibliografia yenye maelezo kabla ya kuandika pendekezo la utafiti. Mada yangu ilikuwa Vita vya Maji Maji, vya kupinga utawala wa Wajerumani, na nashuhudia kwamba kazi ile ndiyo iliyonifanya mtafiti.

Utaratibu wake hauna makuu. Vyanzo hupangwa kwa alfabeti kufuata majina ya ukoo ya waandishi, kila kimoja kikiandikwa kikamilifu kwa mtindo unaotumiwa na idara. Chini yake hufuata aya moja, kwa kawaida ya maneno 100 hadi 200, inayojibu maswali matatu: Kazi hii inasema nini? Iaminiwe kwa kiasi gani? Inaisaidiaje mada yangu? Swali la kwanza hata ikisiri inaweza kulijibu. Mawili yaliyobaki lazima uyajibu mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyonibadilisha.

Kwa msaada wa mwenzangu anayejua Kijerumani, nilipitia kitabu cha Gustav Adolf von Götzen cha 1909. Huyu ndiye aliyekuwa gavana wa koloni vita vilipozuka mwaka 1905. Kisha nikasoma mkusanyo wa wanahistoria Gwassa na Iliffe wa 1968, ambamo wazee wanasimulia kilimo cha pamba cha shuruti na dawa ya maji iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji na risasi. Zamani ningeviita vyote viwili “vitabu vya Maji Maji” na kusonga mbele. Sasa niliandika kwamba cha kwanza kinaonyesha jinsi mtawala alivyovieleza vita alivyovizima mwenyewe. Cha pili kinatupa kauli za upande uliopigwa, ila zilikusanywa miaka kama 60 baadaye, nchi ikiwa imekwisha kujitawala.

Tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya 1969, yenye jina la mganga aliyeieneza dawa hiyo, ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Maelezo yangu yalimalizika hivi: “Mwandishi mwenyewe anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni mhusika wa kubuni. Kwa hiyo sitaitumia kuthibitisha matukio ya 1905. Nitaitumia kuonyesha jinsi vita hivyo vilivyofikiriwa upya baada ya Uhuru.” Sentensi hizo tatu zilikipa kitabu mahali pake katika utafiti wangu.

Nilipofika kwenye sura ya mapitio ya maandiko, tayari nilijua nani anakubaliana na nani, na wapi wanatofautiana. Niliona pia kwamba katika vyanzo nilivyokusanya, wanawake walisikika kwa nadra mno. Pengo hilo ndilo likawa swali langu la utafiti.

Mwanafunzi mwenzangu, usingoje vitabu virundikane. Ukimaliza kusoma kimoja, andika maelezo yake siku hiyohiyo, kwa maneno yako, ukitaja kurasa. Usinakili ikisiri ya mwandishi, kwani yeye haijui mada yako. Muulize kila mwandishi alikuwa nani, aliandika lini na kwa ajili ya nani. Ukiweza kueleza kwa nini chanzo fulani kimo katika orodha yako, kibakize; ukishindwa, kiondoe.