Doti za Shangazi

Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba, imekaribia kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, lakini hesabu kamili haitajulikana, kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Huko ndiko alikokuwa shangazi yangu, na mikungu yake ya ndizi.

Mwili wake hatukuupata. Wengi wasiotambuliwa walizikwa Igoma, na sisi tukaamua kwamba yumo miongoni mwao. Kila Mei tulikwenda huko na maua, kisha tukarudi nyumbani Kirumba kula wali na nyama. Baba alilia kwa dada yake mwaka hadi mwaka, na sisi watoto tulijifunza kuiogopa siku hiyo. Turubai lilizidi kuwa kubwa, vyakula vikaongezeka, na ndugu wakaanza kuulizana nani katoa kiasi gani.

Aliyevunja mazoea hayo ni mama. Jioni moja ya kikao cha maandalizi alisema, "Wifi yangu hakuwahi kupanda meli bila khanga ya ziada. Ninyi mnamkumbuka kwa nyama?"

Kila mtu pale alijua anasema nini. Usiku ziwani kuna upepo mkali, na daraja la tatu lilijaa akina mama wenye watoto wachanga. Shangazi alikuwa akimfunika mtoto wa mtu asiyemjua, na wakishuka Mwanza hakuidai khanga yake. Baba alimgombeza sana kwa hilo, maana faida ya ndizi ilikuwa ndogo.

Mwaka ule hatukukodi turubai. Tulinunua doti za khanga sokoni, tukazipeleka wodi ya wazazi ya Sekou Toure. Aliyewahi kumsindikiza mzazi hospitali anaelewa: khanga ndiyo shuka, ndiyo mbeleko, ndiyo nguo ya kwanza ya mtoto, na wapo wanaofika na ile waliyoivaa tu. Binti mmoja aliyejifungua alfajiri alimuuliza baba zimetoka kwa nani. Baba akataja jina la dada yake, akaanza kumsimulia yule binti habari zake: jinsi alivyocheka, jinsi alivyobishana na makuli bandarini. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akimzungumzia bila machozi.

Sina ugomvi na chakula cha msiba. Waombolezaji wametoka mbali na lazima wale. Lakini miaka yote ile ya wali tulikuwa tunakumbuka kifo cha shangazi. Doti zilituanzishia kumkumbuka yeye mwenyewe.

Septemba 20, 2018, kwenye ziwa lilelile, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Kilistahili kubeba watu 101, walikufa 228. Wavuvi na wanakijiji ndio waliowahi kuwaokoa walio hai. Nchi nzima ilichanga rambirambi, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye kituo cha afya cha Bwisya, hukohuko Ukara. Baba aliposikia redioni alipiga kofi mezani: "Hivyo ndivyo!" Mzigo wa doti uliofuata tuliugawa, nusu ukaenda Bwisya.

Jirani yetu mmoja amefiwa na kijana wake, mvuvi wa dagaa. Watu walimshauri achapishe fulana zenye picha ya marehemu kwa ajili ya arobaini. Alikuja kumuuliza mama maswali mengi kuhusu khanga, akaenda zake. Siku ya arobaini ilipofika alishuka mwaloni na jaketi okozi, akawagawia wenzake marehemu waliobaki kwenye mtumbwi aliovulia. Aliwasihi jambo moja: wazivae, wasizikalie.