Mshahara na Kalamu

Kijana wa Musoma aliyejaliwa kipawa cha kuandika huulizwa na wazee wake swali moja: atakula nini? Swali hilo si la dharau. Mvuvi na mkulima wanaijua bei ya unga. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge mwaka 1934, alikuwa Rais tafsiri yake ya Julius Caesar ilipochapishwa mwaka 1963. Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Mzigo wa nchi nzima haukumnyima saa ya kupima maneno. Basi mwalimu wa Bunda afundishaye mchana na kuandika usiku hana sababu ya kuona haya, wala ya kuharakia kuuacha mshahara wake.

Kungoja ndiko kugumu zaidi. Kutoka Bunda, kwa njia ya Kisorya, msafiri huvuka maji akafika Ukerewe, kwao Aniceti Kitereza. Huyu aliimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate mchapaji. Hakuitupa. Aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata alifariki.