Kitabu Tulichokipenda Kilipogeuzwa Picha

Leo nataka kuwasimulia jambo lililotupata sisi wapenda vitabu wa huku Bagamoyo, wala sitaficha kosa langu mwenyewe, maana kosa la mwalimu likifichwa huwapata wanafunzi wake.

Wengi wenu mwakijua kitabu kiitwacho Vuta N'kuvute, alichokitunga Shafi Adam Shafi wa Unguja, kikapigwa chapa mwaka 1999. Ni habari za Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa mume mzee, Bwana Raza. Akamkimbia, akakataliwa na jamaa zake, akapokewa Ng'ambo nyumbani kwa Mwajuma. Kisha akampenda Denge, kijana aliyeupinga utawala wa Waingereza, naye akiandamwa na polisi. Kwa miaka mingi kitabu hiki kilisomwa katika vidato vya 5 na 6; nami nalikisoma nikiwa mwanafunzi, tena nimekifundisha.

Jumamosi jioni sisi hukutana barazani kwa mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye macho yake yamefifia. Sisi husoma kwa sauti, yeye husikiliza. Kitabu hicho tulikisoma mara mbili, kwa kuwa yeye aliomba kirudiwe.

Basi mwaka 2021 tukapata habari kwamba Amil Shivji amekigeuza kuwa picha ya sinema, nayo imeonyeshwa Toronto, katika nchi ya Kanada. Tulifurahi sana kwamba hadithi ya Kiswahili imefika mbali hivyo. Walakini ugomvi ulianza hata kabla hatujaiona. Mama mmoja, fundi wa cherehani, alisema hakuna mwanamke duniani awezaye kuwa Mwajuma. Mwingine akasema kitabu kizuri kisiguswe kabisa. Mimi nikamjibu kwamba jambo hili si geni. Sembène Ousmane wa Senegal aliandika hadithi ya hawala ya fedha, kisha yeye mwenyewe akaifanya picha mwaka 1968, na mwaka 1980 Amandina Lihamba akatoa tamthilia yake kwa Kiswahili, Hawala ya Fedha. Hadithi moja ilikaa katika vyombo vitatu, wala haikumwagika.

Hata tulipopata kuitazama, tulikusanyika mbele ya televisheni ya jirani. Kitabu kilichotuchukua majuma mengi kilikwisha kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Mama fundi alinung'unika, "Yasmin wangu si huyu." Mvuvi mmoja, ambaye kitabuni alikuwa akisinzia, safari hii hakupepesa macho. Alisema sasa ameelewa jinsi mtu anavyoweza kuandamwa katika vichochoro vya Unguja usiku.

Mzee wetu aliinamisha kichwa akisikiliza. Punde akauliza, "Mbona wananyamaza? Kitabuni maneno yalikuwa mengi."

Nikamwambia, "Babu, wanatazamana."

"Wanatazamanaje?"

Mimi nikasema Yasmin ana hofu. Mama fundi akasema si hofu, ni hasira. Mvuvi akasema binti yule amechoka tu. Mzee akacheka, akasema, "Kumbe nanyi mwasoma bado!" Ndipo nilipotambua kwamba hata picha yataka msomaji, nayo haimwonyeshi kila mtu jambo lile lile.

Sasa nalieleza kosa langu. Wakati ule nalikuwa na wanafunzi wa kidato cha 6, na siku za mtihani zilikuwa zimekaribia. Vitabu vilikuwa vichache, wanafunzi watatu wakigawana kimoja. Kwa uvivu ambao naliuita busara, naliwaambia, "Atakayeweza kuiona picha aione, itamsaidia." Katika jaribio binti mmoja hodari aliandika kurasa nne. Alieleza vizuri mwanga wa taa, rangi za kuta na sauti za nyimbo. Lakini nilikuwa nimeuliza juu ya mawazo ya Yasmin alipofungiwa mlango na jamaa zake, na hapo hakuwa na neno. Nikampa alama za chini. Akaja na karatasi yake mkononi, akasema kwa adabu, machozi yakimlengalenga, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetuambia."

Sikuwa na jibu. Jioni ile nalikwenda kwa Mzee, nikamwamkia, nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, tazama mashamba ya chumvi ya hapa kwetu. Chumvi ile ni bahari kweli, nani atakana? Nayo hukoleza chakula. Lakini nani alipata kuvua samaki katika chumvi? Wewe uliwapa watoto chumvi, kisha ukawadai samaki."

Kesho yake nalisimama mbele ya darasa nikaomba radhi. Jambo hilo lilikuwa zito kwangu, maana sisi walimu hatukuzoea. Toka siku ile, kila alasiri baada ya masomo, tulisoma kitabu kwa sauti, kwa zamu, mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha nikawapa jaribio jingine, na yule binti akaandika mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyafikiri.

Siku moja nilimwuliza kama bado anaipenda ile picha. Akajibu, "Naipenda, Mwalimu, ila sasa nina Yasmin wawili, nao hawafanani."

Ndugu zangu, msiwakataze watoto wenu picha hizi, wala msiwadharau wanaozitengeneza, kwani wanazifikisha hadithi zetu kwa watu wasiojua kusoma na kwa mataifa ya mbali. Lakini kabla ya kumwuliza mtoto ameona nini, mpeni kitabu mkononi. Ikiwa kitabu ni kimoja na watoto ni wengi, kaeni nao barazani, mmoja asome na wengine wasikilize. Ndivyo tufanyavyo sisi hata leo, na Mzee ameomba kile kitabu kirudiwe mara ya tatu.